Bodi Zinazochapwa Wakati wa Mbalamwezi

Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria hawapangi kazi kwa kalenda ya ukutani. Huipanga kwa mwezi. Usiku wa giza mitumbwi hutoka, taa huwashwa juu ya maji, dagaa huufuata mwanga na nyavu huwafuata dagaa. Mwezi unapokaribia kuwa mpevu, mwanga wa taa humezwa na mwanga wa mwezi, samaki hutawanyika, na kwa siku kama kumi nyavu huanikwa na mialo, yaani bandari ndogo za wavuvi, hupoa. Mimi si mvuvi. Ni fundi wa redio na taa, na karakana yangu ni chumba kimoja kilichoegemea jiwe kubwa kwenye mteremko wa Bugarika, jijini Mwanza, lakini kazi yangu nayo imeingia katika hesabu hiyo ya mwezi: taa na betri huletwa kwangu mbalamwezi inapoanza, na sharti zirudi mwaloni kabla giza halijarejea. Siku kumi hizo ndizo zilizonifanya nifungue printa iliyokuwa nzima na kuifanya isiweze tena kuchapa barua.

Shida ilianza na betri. Wavuvi waliotutangulia walitumia karabai za mafuta ya taa. Siku hizi wengi wanatumia taa za LED na betri ya volti 12, ya risasi na asidi, ambayo huchajiwa mchana. Betri ya aina hiyo ikijaa na kupumzika husoma volti 12.7 hivi. Ikinyonywa hadi chini ya volti 10.5 huku ikiwa bado na mzigo, bamba zake hujijengea utando mgumu wa salfeti ambao chaja haiwezi kuuondoa wote, na kila tendo hilo linaporudiwa uwezo wa betri hupungua. Mvuvi aliye katikati ya ziwa hana mita ya kupimia volti wala hana sababu ya kuibeba. Anachokiona ni mwanga, na taa nyingi zinazopita mikononi mwangu zina kidhibiti ndani kinachoufanya mwanga uonekane ule ule mpaka dakika za mwisho, kwa hiyo betri hufa kimya kimya huku taa ingali inang'aa.

Tajiri mmoja wa mwalo wa Igombe (kwetu mwenye mitumbwi huitwa tajiri hata kama madeni yake ni marefu kuliko nyavu zake) alinijia asubuhi moja na betri tatu juu ya bodaboda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana wangu. Hizi nazo zimekufa. Mwezi uliopita nilizika mbili."

"Zinakufa kwa kunyonywa, mzee. Vijana wanazinyonya mpaka tone la mwisho."

"Basi nitengenezee kitu cha kuwanyima."

Kitu hicho si kigeni kwa fundi yeyote. Unaweka aisii (kipande kidogo chenye saketi nzima ndani yake) ya kulinganisha volti, LM393, ambayo upande mmoja inasoma volti ya betri iliyogawanywa kwa rezista mbili, na upande wa pili inasoma volti 2.5 isiyoyumba kutoka kwenye TL431, kipande cha kutolea volti ya kipimo. Nilitaka taa izimwe betri ikifika volti 11.1, yaani mara 4.44 ya volti 2.5, na kwa hiyo rezista ya chini ikiwa ya kilo-omu 10, ya juu inatakiwa iwe ya kilo-omu 34 na nusu hivi. Niliweka ya kilo-omu 33 na kuifuatisha potenshomita ndogo, yaani rezista inayorekebishika, ya kusahihishia. Betri ikiwa juu ya kiwango hicho, LM393 huliachia geti, yaani mguu wa kuamrisha, la transista IRFZ44N ambayo ndiyo swichi ya taa, lipate karibu volti zote za betri, transista hupitisha mkondo, na taa huwaka. Betri ikishuka, geti huvutwa hadi sifuri na taa hukatwa. Vipande vyote hivyo vinaenea kwenye bodi ya sentimita 5 kwa 4, yaani kibao cha faibaglasi kilichofunikwa shaba, ambayo huliwa na dawa isipokuwa pale ilipofunikwa na mchoro, ikabaki mistari ya kupitishia umeme.

Bodi moja ningeweza kuiunganisha kwa waya, kama alivyonifundisha fundi aliyenilea kazini. Mzee alitaka nane, na kitu kitakachorushwarushwa ndani ya mtumbwi, kikilowa na kukauka kila usiku, hakistahimili waya zinazoning'inia. Watu wameniuliza kwa nini nisiagize Uchina, ambako viwanda hutoa bodi safi za kijani, zenye maandishi meupe, kwa bei ambayo mimi siwezi kushindana nayo. Nimeziagiza na ninaziheshimu, lakini kifurushi changu cha mwisho kilikaa njiani zaidi ya mwezi mzima, na bodi ya kwanza ya mchoro wowote mpya, kwa uzoefu wangu, huwa na kosa. Kosa linalogunduliwa baada ya wiki tano humgharimu mvuvi giza zima. Kosa linalogunduliwa jioni ya siku ile ile hunigharimu kipande cha shaba.

Kabla ya printa hii nilikuwa natumia pasi. Mafundi wengi wanaijua njia hiyo: mchoro huchapwa kwa printa ya leza, au hutolewa fotokopi steshenari, kwenye karatasi laini ya jarida, hulazwa juu ya shaba na kupigwa pasi hadi ule unga mweusi, ambao kwa asili ni plastiki, uyeyuke na kung'ang'ania, kisha karatasi hulowekwa na kuchunwa kwa kidole gumba. Njia hiyo inafanya kazi, na simkatazi mtu. Ila kati ya mchoro na shaba kuna karatasi, na karatasi ndiyo yenye ugomvi. Ikiteleza nusu milimita umekwisha. Ikibanduka mapema mstari unakatika, na ukikandamiza upande mmoja kuliko mwingine mistari ya huko inatanuka hadi inagusana. Katika kila bodi nane nilikuwa natupa mbili au tatu. Nikaanza kuwaza namna ya kuiondoa karatasi, ili wino utoke kwenye printa na kutua moja kwa moja juu ya shaba.

Wazo hilo halikuwa langu, na kwa kweli halikosi ukoo. Paul Eisler, mhandisi mzaliwa wa Austria anayetajwa mara nyingi kuwa baba wa bodi za saketi, alitengeneza redio yenye saketi ya kuchapwa mwaka 1936 akiwa Uingereza, na kabla ya hapo aliwahi kufanya kazi za uchapaji. Bodi hizi tangu mwanzo zilikuwa watoto wa matbaa. Waliokuja kubadilisha printa za wino za nyumbani walirudisha tu mtoto kwao.

Si kila printa ya wino inafaa, na hapa ndipo wengi wanapoharibu fedha. Ziko za namna mbili. Za kwanza, ambazo Canon walizianzia mwaka 1977 na HP wakaziuza kuanzia ThinkJet ya mwaka 1984, hutumia joto: nyuma ya kila tundu kuna hita ndogo inayochemsha wino kufumba na kufumbua, povu likapanuka na kulisukuma tone nje. Za pili, ambazo Epson ndio wanaojulikana nazo zaidi, zina kipande cha piezo nyuma ya kila tundu, yaani kitu kigumu kinachobadilika umbo kidogo kinapopewa umeme. Chanzo chake ni tabia ya fuwele ambayo ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, waliionyesha mwaka 1880. Tone husukumwa kwa kubanwa, halichemshwi. Tofauti hiyo ndiyo iliyoniamulia, kwa sababu wino ninaouhitaji una utomvu ndani yake, na utomvu una hatari ya kugandia kwenye hita. Nilitafuta Epson na si nyingine, nikaipata Stylus C86 ya mtumba pale Mlango Mmoja, kwa shilingi 25,000, kwa muuzaji aliyeamini kwamba ninaifuata mota zake.

Kuibadilisha kulinichukua siku tatu, na sehemu kubwa ya siku hizo ilikuwa ya kutazama kuliko ya kukata. Printa ya kawaida huishika karatasi kwa nyuma, huikunja chini ya rola na kuitoa mbele. Bodi ya faibaglasi yenye unene wa milimita 1.6 haikunjiki, kwa hiyo lazima ipate njia iliyonyooka kutoka nyuma hadi mbele, na kichwa cha kuchapia lazima kiinuke kuipisha. Nilivua ganda lote la plastiki, nikaondoa kitengo cha nyuma kinachovuta karatasi, kisha nikaondoa vile vijigurudumu vyenye meno vilivyo mbele, ambavyo hukanyaga karatasi inapotoka na ambavyo vingechora mtaro kwenye wino mbichi. Baada ya hapo nikaifungua fremu ya chuma inayobeba reli ya kichwa, nikaiinua kwa kuweka nati na washa chini ya kila skrubu, nikipima kila kona kwa kaliba hadi pande zote zikalingana. Pande zikitofautiana, kichwa kitakuwa karibu na shaba kushoto na mbali nayo kulia, na mistari ya kulia itatoka na ukungu. Nafasi niliyoiacha kati ya kichwa na uso wa shaba ni milimita moja na kidogo.

Bodi haiingii yenyewe. Inabebwa na bamba jembamba la alumini, refu kama karatasi ya A4, ambalo rola hulishika kabla bodi haijafika na huendelea kulishika bodi ikishapita. Bodi nimeituliza juu ya bamba kwa gundi ya utepe, na pembeni nimefunga vipande viwili vya alumini ili bamba lisiende upogo. Kihisi cha karatasi, ambacho si chochote ila kijiti cha plastiki kinachokatiza mwanga, nilikisogeza ili kisukumwe na ukingo wa bamba mahali pale pale kila mara, maana printa huihesabu safari yote kuanzia hapo kijiti kilipoguswa.

Kosa langu kubwa katika hatua hiyo lilikuwa kukiinua kichwa bila kukiinulia kitanda chake. Mwisho wa reli, upande wa kulia, kuna kikombe cha mpira ambacho kichwa hukilalia printa inapopumzika, ili matundu yasikauke. Nilipoinua reli, kikombe kilibaki chini. Baada ya siku nne matundu yalikuwa yameziba, nami nikatumia wiki nzima kudondosha maji ya betri yaliyopashwa moto, pamoja na spiriti kidogo, kwa bomba la sindano, hadi yakafunguka yote isipokuwa machache ambayo hayajafunguka mpaka leo. Maji ya betri ninayoyasema ni yale safi ya kuongezea, si asidi. Atakayefuata njia hii aanze na kikombe.

Kuhusu wino, jaribio lake ni rahisi. Chapa mstari kwenye karatasi, ngoja ukauke, udondoshee tone la maji. Wino ukitiririka, ni ule wa rangi iliyoyeyushwa, na haufai hata kidogo. Ukibaki ulipo, ni wino wa pigmenti, yaani wa chembe ngumu zinazoelea. Ule uitwao DURABrite, uliotengenezwa kwa ajili ya printa za ukoo huu, una chembe zilizovikwa utomvu, na utomvu huo ndio utakaoilinda shaba baadaye. Mafundi wa ng'ambo waliotangulia katika kazi hii wengi wao wanasifu wino wa manjano wa pigmenti. Mimi nimebaki na mweusi kwa sababu ya macho yangu: manjano juu ya shaba, chini ya balbu ya karakana, siyaoni.

Nilidhani mkaidi atakuwa printa. Mkaidi alikuwa shaba. Karatasi hunywa wino, lakini shaba hainywi kitu. Mchoro wangu wa kwanza ulitoka mzuri kwa sekunde kama tatu, halafu nikaona kwa macho yangu mistari ikijikusanya kuwa matone, kama maji kwenye jani la gimbi. Nilibadilisha mipangilio ya printa, nikapunguza wino, nikabadilisha katriji, nikalaumu matundu yaliyoziba. Wiki mbili zilipita kabla sijakubali kwamba tatizo liko juu ya bodi, katika mafuta ya vidole vyangu mwenyewe na katika ule mng'ao wa shaba ninaopenda kuutazama.

Sasa nafanya hivi. Naisugua bodi kwa msasa laini wa namba 600, kwa maji na sabuni ya vyombo, kwa mizunguko midogo na si kwa mistari, kisha naisuuza na kuisimamisha wima. Maji yakitambaa juu ya shaba kama shuka moja lisilotoboka, bodi ni safi. Yakigawanyika na kujikunja, kuna mafuta mahali, na ninarudia. Ikishapita jaribio hilo naizamisha kwa sekunde chache tu katika feriki kloraidi, dawa ile ile itakayokula shaba baadaye, hadi mng'ao ufe na uso uwe wa waridi uliofifia. Mng'ao ukifa, uso umepata vinyweleo vidogo vya kuushikia wino. Naisuuza tena, naikausha kwa blowa, na kuanzia hapo haiguswi usoni na kidole, hata cha mtu aliyetoka kunawa. Inaingia kwenye printa ikiwa bado ina uvuguvugu, ili wino uanze kukauka pale pale unapotua. Katika kazi yote ya bodi, hatua hii ndiyo ndefu, ndiyo inayochosha, na ndiyo ambayo kijana ninayemfundisha huniuliza kila mara kama leo tunaweza kuiruka.

Wino uliotua bado si ngao. Ukiutia kwenye dawa ulivyo, utabanduka. Lazima uokwe kwa joto la nyuzi kama 200 kwa muda wa robo saa hivi, hadi utomvu uyeyuke na kuungana kuwa utando mmoja. Sina oveni. Nilijaribu jiko la mkaa lenye sufuria ya mchanga, na bodi ikageuka rangi ya kahawia, ikatoa harufu kali, na shaba ikavimba kama ngozi iliyoungua. Suluhisho lilikuwa pasi ile ile niliyodhani nimeachana nayo: naipindua, naikaza kati ya matofali mawili uso wake ukitazama juu, naiweka kwenye alama ya pamba, na bodi inalala juu yake kwa mgongo, shaba ikiangalia dari. Umeme ukikatika katikati, na hukatika, naanza upya kuhesabu dakika. Wino ulioiva hautoki kwa kucha. Ni kwa asetoni tu ndipo unapokubali, na mara nyingine kwa msasa.

Bodi ya kwanza iliyotoka salama katika hatua zote hizo ilikuwa nzuri kiasi kwamba nilimwita jirani aje aione. Mistari ilikuwa imekaza, kingo zimenyooka, hakuna hata tundu la pini. Nikatoboa kwa drili ya milimita 0.8, nikaweka aisii, na miguu yake yote minane ikawa mahali pasipo pake. Programu ninayochorea, KiCad, kama programu nyingine za kazi hii, humwonyesha mtu shaba ya chini kana kwamba anaitazama kutoka juu kupitia bodi yenyewe. Kwa njia ya pasi hilo halina madhara, kwa sababu karatasi inapopinduliwa juu ya shaba inaugeuza mchoro, na mambo yanajisawazisha yenyewe. Mimi nilikuwa nimeiondoa karatasi, na pamoja nayo nikauondoa mgeuzo ambao sikuwahi kujua kwamba ilikuwa inanifanyia bure kwa miaka yote hiyo. Mchoro sasa lazima ugeuzwe kama kwenye kioo kabla ya kuchapwa. Ile bodi sikuitupa: niliipachika aisii upande wa shaba badala ya upande wa pili, miguu ikarudi mahali pake, na mpaka leo inalinda betri ya redio yangu ya karakana.

Kula shaba ni hatua ninayoweza kuieleza haraka kwa upande wa bodi. Feriki kloraidi naiweka kwenye bakuli la plastiki, kamwe si sufuria ya alumini, maana dawa hiyo huishambulia alumini kwa ukali. Bakuli linaelea kwenye beseni la maji ya moto, nami natikisa taratibu. Shaba ya bodi za kawaida ina unene wa mikromita 35, na dawa ikiwa na joto inaimaliza kwa dakika kama ishirini. Dawa haili kwenda chini tu. Inakula pia kwenda pembeni, chini ya ukingo wa wino, na kwa sababu hiyo sichori mstari mwembamba kuliko milimita 0.4 hata kama printa ina uwezo wa kuuchapa. Mistari inayobeba mkondo wa taa, ambao hufika ampea 2.5, nimeipa milimita 3 na kuifunika kwa solda juu yake.

Kwa upande wa kinachobaki bakulini, siwezi kuharakisha. Dawa iliyochoka ina kloridi ya shaba, na shaba iliyoyeyuka kwenye maji ni sumu kwa samaki. Mtaro unaopita chini ya nyumba yangu unakwenda Mto Mirongo, na Mirongo unaingia ziwani. Ingekuwa kichekesho kibaya kutengeneza kifaa cha wavuvi wa dagaa na kumwaga mabaki yake kwa dagaa wenyewe. Dawa iliyochoka naitia magadi, yale yale ya sokoni yanayolainisha maharage, kidogo kidogo nje ya nyumba kwa sababu inatoa povu kwa fujo, hadi povu liishe na matope ya rangi ya kutu yatuame. Matope hayo nayaacha yakauke na kuyachanganya na saruji, kisha yanakuwa tofali bovu ambalo halijengi kitu. Ninayo manne nyuma ya jiwe. Kuhusu nguo, doa la dawa hii halitoki, na mke wangu ameshaacha kunishauri kuhusu mashati.

Mwishoni mwa giza la mwezi ule nilikwenda Igombe na bodi mbili za majaribio, nikapanda mtumbwi na vijana wa Mzee. Saa nane usiku betri ilifika volti 11.1 na taa ikazimika, kama nilivyoahidi. Sekunde iliyofuata ikawaka. Ikazimika. Ikawaka. Ikaendelea kukonyeza hivyo, mbio mbio, na dagaa waliokuwa wamejikusanya chini yake wakatawanyika.

"Fundi," alisema mmoja wao bila kugeuka, "unawaita au unawafukuza?"

Nilikuwa nimesahau jambo ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua. Betri iliyochoka ikitolewa mzigo hupumua, volti yake ikapanda kidogo. Saketi yangu ikaiona imepanda, ikaiwasha taa. Mzigo ukairudisha chini. Na mchezo ukaanza upya. Dawa yake ni rezista moja, ya kilo-omu 270, kutoka mguu wa 1 wa LM393, unaotoa jibu, hadi mguu wa 3, unaosoma betri, ambayo huifanya saketi iwe na viwango viwili badala ya kimoja. Niliporudi karakana na kuirekebisha upya ile potenshomita, taa ilizimika kwenye volti 11 na ikakataa kuwaka tena mpaka volti 12.6, yaani mpaka betri ipelekwe kwenye chaja. Ilikuwa saa nne asubuhi. Mchoro mpya, wenye nafasi ya rezista hiyo, niliumaliza kabla ya chakula cha mchana. Kufikia jioni bodi yake ilikuwa imechapwa, imeokwa, imeliwa na kutobolewa. Mbalamwezi ilipofika katikati nilikuwa na nane, zimepakwa vanishi mara mbili kwa ajili ya maji, na katika kuzipata hizo nane niliharibu moja tu, ambayo wino wake nilikuwa nimeuokesha kwa haraka.

Mzee amezitumia kwa magiza matatu sasa, na betri zake zingali hai. Hata hivyo alikuja juzi na lalamiko jipya, na ni la haki: taa huzimika ghafla wakati wavu uko majini, na vijana wanabaki kwenye weusi mtupu wakipapasa kamba. Wanataka waonywe kwanza. Nilipofungua mchoro nilijicheka, kwa sababu LM393 ina vilinganishi viwili ndani ya ganda moja, na cha pili nimekuwa nikikilipia na kukiacha kimekaa bure tangu siku ya kwanza. Sasa nimekipa kazi ya kuwasha taa ndogo nyekundu betri ikifika volti 11.6. Mchoro umeshageuzwa kama kwenye kioo. Nimeukagua mara tatu. Bodi iko kwenye maji ya sabuni, na mwezi umebakiza siku nne.